Makaburi Yetu Yamesafishwa

Jumamosi, 15 Agosti 2009. Bungoma.

Asubuhi Kitale kulikuwa na ukungu na baridi ya kukunja vidole. Nilipofika Bungoma jua lilikuwa limeshatoka, lile jua la kuwasha utosi kabla ya mvua ya jioni. Sasa mvua imekuja na imeondoka, nami niko kwenye saiba jirani na nyumba ya Mamdogo, naandika kwa kibodi ambayo herufi A inagoma mpaka uibonyeze kwa hasira.

Hasira ninazo. Ila si za kibodi.

Mikono yangu inanuka majani makavu. Nimeinawa kwa sabuni mara kadhaa na bado inanuka. Nimekaa hapa kitambo nikiangalia ukurasa mtupu, maana kila nikianza sentensi naona aibu kabla sijaimaliza.

Wanaopita kwenye blogu hii mara kwa mara wananijua. Kwa wageni: mimi ni Rehema, nina duka la pembejeo Kitale. Nauza mbegu za mahindi, mbolea, dawa za kupe na dawa za magugu. Mdomo wangu ndio unaouza zaidi. Mkulima akisimama kaunta akasitasita na chupa mkononi, namwambia, "Mzee wangu, hii haichomi majani halafu ikakuacha. Hii inashuka mpaka kwenye mzizi." Basi anatoa pesa. Nimeisema sentensi hiyo mpaka watoto wangu wananiigiza nayo nyumbani wakimwagiana chai.

Leo nimeiona kwa macho.

Nilikuja kumzuru mama. Amezikwa hapa Bungoma, kwenye makaburi ya zamani ya mtaa wetu, ukitoka mjini kuelekea upande wa Mabanga. Kila mwaka, siku chache kabla ya Ramadhani, nafunga duka, nanunua tende za kuwapelekea watu wa nyumbani, nakuja kumsomea na kummwagia maji. Ni siku ninayoipenda. Najua inashangaza kusema mtu anapenda kwenda makaburini, lakini kama ungeyaona makaburi yetu yalivyokuwa usingeshangaa.

Ngoja nieleze, maana bila hili huwezi kuelewa kilichonipata.

Kwetu kaburi halijengwi. Hakuna saruji, hakuna jina, hakuna picha ya marehemu kwenye kioo. Ni tuta la udongo, na mvua za huku hazina adabu. Misimu miwili mitatu tuta limelala. Tena wanaokwenda kuzika ni wanaume. Sisi wanawake hubaki nyumbani na vilio na masufuria. Mama alipotolewa mlangoni nilimsindikiza kwa macho mpaka jeneza likapinda kwenye kona ya ua, basi.

Lakini nasi tuna letu. Siku ya tatu, mwanamke aliye karibu zaidi na marehemu huchimbua kitu uani, mche au kishina chenye mizizi, hukifunga kwa kitambaa kilicholowa na kumpa mwanamume wa familia akakipande upande wa kichwani. Hicho ndicho kizishi chetu, alama ya kaburi. Mtu hupandiwa kitu alichokuwa akikipenda au kilichokuwa kikimsaidia. Bi Fatuma aliyekuwa akiwapaka maharusi alipandiwa mhina. Fundi wa cherehani, mzee mmoja aliyependa kujipulizia manukato, alipandiwa mrihani. Kuna aliyepandiwa mkomamanga uliotoka kwa ndugu zake pwani, mtaa mzima ukacheka kwamba hautashika huku kwenye mvua, na ukashika. Mama yangu alipandiwa mchaichai, kwa sababu hakuna asubuhi aliyowahi kunywa chai bila mchaichai, hata akiwa hospitalini.

Ukimuuliza mwanamke wa mtaa wetu njia ya kwenda kwa marehemu wake, atakuambia: pinda kwenye mhina wa Bi Fatuma, upite mkomamanga, ukifika kwenye mishubiri mitatu yuko mkono wako wa kulia. Hatukuwahi kuhitaji zaidi ya hapo.

Na kwa kuwa hakuna aliyethubutu kukata kitu, maana hujui unamkata nani, pori nalo likaingia likakaa. Nje ya ule ukuta ni mahindi na miwa mpaka kwenye vizingiti vya watu. Ndani kulikuwa na miti ya mirembe yenye maua mekundu, mizabibu ya mwituni, uyoga, nyasi za aina ambazo hata mimi ninayeishi kwa kuua nyasi sizijui majina. Waganga wa mitishamba wanaouza soko la Chwele walikuwa wakija kuomba majani ambayo wanasema hawayapati tena kwingine kokote, na wazee wetu wakiwakatalia kwa upole. Mkuyu mkubwa wa katikati ulikuwa na nyuki, wakivuma kutwa kama redio ya jirani. Walikuwepo chozi, ndege wadogo wanaong'aa, midomo yao kama sindano ya kushonea magunia. Mwaka jana, nilipoinama kumwagia mama maji, kwale aliruka miguuni pangu nikapiga yowe la aibu. Alikuwa amelalia mayai chini ya mchaichai. Niliyamwaga maji pembeni taratibu nikaondoka kinyumenyume, na njia nzima ya kurudi Kitale nikawa natabasamu. Mama angefurahi. Alikuwa hawezi kumfukuza kuku wa jirani, sembuse kwale.

Sasa leo.

Nilifungua lango, nikawatolea salamu wenyewe walio ndani, nikainua macho.

Kahawia.

Kila kitu, kuanzia ukuta huu mpaka ukuta ule, kahawia. Vichaka vikubwa vilikuwa vimekatwa kwa panga na kurundikwa pembeni. Vilivyobaki vilisimama vimekauka, majani yamejikunja. Mkuyu peke yake ndio uliobaki na rangi, kwa ukubwa wake tu, na nao matawi ya chini yalikuwa yamepauka.

Kwanza nilidhani moto. Lakini moto huacha masizi. Nikajiambia ni jua, lakini nje ya ukuta mahindi yalikuwa yamebeba, ya kijani mpaka yanameta. Kisha nikainama nikashika jani. Lilikuwa limekauka kutoka ndani, sawasawa, jani na bua lake pamoja. Wateja wangu hunieleza dalili hizi kwa furaha kila msimu wa kupanda. Nilijua ni nini kabla sijataka kujua.

Nilikaa chini, na baibui langu zuri, kwenye vumbi.

Kilichonitisha zaidi ni kimya. Hakukuwa na nyuki. Sikusikia hata chozi mmoja. Juu ya kijiti kilichokuwa kichaka nikaona vinyonga wawili. Miaka yote niliyokuja hapa sikuwahi kumwona kinyonga, nilisikia tu wanasemwa kwamba wapo. Leo walikuwa peupe, wameshikilia vijiti vitupu, na kunguru wawili wamekaa ukutani wanawatazama. Niliokota kijiwe nikawatupia kunguru. Waliruka, wakatua palepale.

Ndipo akaja Swaleh, ameinua mikono yote miwili kwa furaha. Swaleh ni mtoto wa mjomba wangu, ndiye anayeongoza vijana wa msikiti siku hizi. Ni kijana mzuri, mchapakazi. Naandika hivyo makusudi ili nisije nikasahau.

"Dada Rehema! Si umeona vile kumekuwa safi? Dawa yako ni kiboko, bana! Tulipiga mara moja tu."

Akanionyesha. Kando ya kibanda cha jeneza, madumu yamepangwa vizuri, matupu, yameoshwa. Kila moja lina stika ya duka langu.

Hapa nitasema ukweli wote. Wiki kadhaa zilizopita Swaleh alinipigia simu dukani. Kulikuwa na foleni. Alisema wanataka kusafisha makaburi kabla ya Ramadhani, wao ni wachache, nyasi zimewashinda panga. Mimi, kwenye akili yangu, nikaona njia ya kuingilia na kile kichaka cha lantana kilichokuwa kimelemea ukuta. Sikuuliza. Nilimwambia ngoja nikutumie dawa, nikamtajia vipimo vya kuchanganya na maji huku narudisha chenji kwa mtu mwingine. Jioni nikayafunga madumu kwenye katoni, na nilipokuwa nikifunga nikatia nia: hii ni sadaka yangu kwa niaba ya mama, Mwenyezi Mungu amfikishie.

Sadaka. Kwa mama. Nililia kidogo hata, nilivyojiona mwema.

"Leo baada ya alasiri tinga linakuja," Swaleh akaendelea. "Tunasawazisha kila kitu, halafu tunapanda ukoka. Itakaa kama nyasi za chuoni. Watu walikuwa wanatucheka, dada. Ati Waislamu wanazika watu wao msituni."

"Swaleh," nikasema, "mama yuko wapi?"

"Si ni pale tu." Akanyoosha mkono. Mkono ukabaki hewani, ukasogea kushoto, ukarudi. "Pale, karibu na..."

"Karibu na nini?"

Akaushusha mkono.

"Alipandiwa mchaichai," nikamwambia.

Niliona uso wake ukibadilika. Nisingependa kuuona uso ule tena. "Mimi ndio nilipanda," akasema polepole. "Shangazi Zuhura alinipatia kwa kitambaa. Mimi ndio nilichimba." Akashika kichwa. "Dada, wallahi, mimi niliona nyasi tu."

Ningemzaba kofi kama dawa isingekuwa yangu. Lakini dawa ni yangu, na maagizo ya kuchanganya nilitoa mimi, na huyu kijana alichofanya ni kufuata vipimo vizuri kuliko mkulima yeyote niliyewahi kumuuzia.

Nikampigia simu Mamdogo Zuhura, mdogo wake mama. Sikuweza kueleza. Nilisema tu, "Mamdogo, njoo makaburini, na uje na wanawake wote unaoweza kuwapata. Kabla ya alasiri." Ni mtu asiyeuliza maswali kwa simu kwa sababu anaamini mazungumzo ya simu huisha haraka. Akakata.

Walikuja na leso zao mabegani, wengine mikono ina unga. Wakasimama langoni. Bibi mmoja aliweka mkono kinywani akauacha hapo. Mwingine akaanza kutaja kwa sauti ya chini, "Pinda kwenye mhina... pinda kwenye mhina..." na mhina haupo, umelala kwenye rundo ukutani pamoja na takataka nyingine.

Nikasema mbele yao wote. Nikasema dawa ni yangu, nimeitoa mimi kwa mkono wangu, msimlaumu Swaleh peke yake. Nilikuwa kama mtoto aliyevunja sahani ya wageni.

Mamdogo akanitazama. "Uliitoa kwa nia gani?"

"Nia ya mama."

"Basi nia imefika," akasema. "Na dawa nayo imefika."

Hakusema kwa ukali. Heri angenitukana.

Kisha akapandisha leso kiunoni akaanza kutoa amri. Vilivyokauka bado vimesimama, akasema, na kitu kikavu bado kina umbo lake na harufu yake. Kila mtu atafute wa kwake. Akiona, achane kipande cha leso afunge. Tinga likija litakuta alama.

Sikuwahi kuona kitu kama kile na sijui kama nitaona tena. Wanawake wazima, wengine hawawezi hata kukaa chini bila kusaidiwa, wanatembea wameinama kwenye uwanja ule mkavu, wanavunja vijiti na kunusa. Wanafikicha majani kwa vidole. "Huu ni mrihani, nusa wewe." "Sio, huu ni wa mwituni." "Huyu ni baba, huyu ni baba, leteni kitambaa!" Mishubiri ilikuwa rahisi, ilikuwa imekunjamana lakini ipo. Mkomamanga walikuwa wameukata, ila mama mmoja alilitambua kovu kwenye kisiki, kwa sababu mbuzi wake aliwahi kuutafuna ulipokuwa mchanga na alilipishwa faini na mumewe. Akakikumbatia kisiki.

Mimi nilikuwa nimepewa kazi mbaya kuliko wote. Mchaichai ukikauka ni nyasi. Na uwanja mzima ulikuwa nyasi kavu. Alivyosema Swaleh, nyasi tu.

Nikapiga magoti nikaanza. Nashika shungi, nafikicha, nanusa. Hakuna kitu. Shungi lingine. Vumbi. Lingine. Swaleh akapiga magoti upande wa pili bila kuambiwa, naye ananusa, machozi yanamtoka na kamasi, sijui ananusa nini. Nikaanza kuogopa kwamba pua yangu imekufa kwa miaka ya kukaa na dawa dukani. Nikaogopa kwamba nimeshampita.

Halafu mkono wangu ukagusa kitu laini na baridi. Chini ya shungi moja kulikuwa na mayai. Madogo, rangi ya maziwa yaliyotiwa chai kidogo, yamelala pamoja kwenye kishimo chao. Yalikuwa ya baridi kabisa. Moja lilikuwa na ufa na sisimizi walikuwa wameshaingia.

Alirudi, yule kwale. Au mtoto wake. Alirudi palepale, akalalia, mpaka siku walipopita na bomba la dawa mgongoni.

Nikafikicha jani. Ilikuwa kidogo sana, kama harufu inayobaki kwenye kikombe kilichosahauliwa. Lakini ilikuwa asubuhi ya nyumbani kwetu, na birika, na mama anaita majina yetu mmoja mmoja tuamke. Nikalala juu ya lile shungi nikalia kwa sauti ambayo sikuitoa hata siku aliyokufa, kwa sababu siku hiyo nilikuwa na wageni wa kuwapikia.

Swaleh alichana kipande cha shati lake akafunga. Sikumkataza.

Tinga lilikuja wakati bado tunahangaika. Dereva ni kijana mmoja wa huku, Wafula. Alizima injini langoni akaangalia vitambaa vya kila rangi vilivyofungwa kwenye vijiti, na akina mama walioketi vumbini.

"Mimi nimeambiwa nikuje niringanishe hii shamba tu," akasema, kofia mkononi. "Ni nini inaendelea hapa?"

"Hii si shamba, mwanangu," Mamdogo akamwambia. "Hawa ni watu."

Wafula akatazama tena, safari hii kwa muda mrefu. "Pole, mama," akasema. "Hata kwetu huwezi pitisha tinga juu ya mtu. Mimi nirikuwa sijui." Akapanda, akarudisha tinga nyuma mpaka barabarani bila kugeuza ndani. Swaleh alimfuata kumwomba radhi.

Hapo nilidhani tumeokoka. Nilianza hata kupumua. Nikageuka kumtafuta Mamdogo nimshukuru, nikamwona yuko upande wa watoto.

Upande wa watoto ni ule wa chini, kwenye unyevunyevu, makaburi madogo yamebanana. Mtoto wa kwanza wa Mamdogo yuko pale. Alikufa hata mwaka hajatimiza, kabla mimi sijazaliwa. Nimeambiwa mimba yake ilimsumbua Mamdogo sana, kila alichokula kilirudi, isipokuwa chai ya mnanaa. Kwa hiyo mtoto akapandiwa mnanaa, na mama yake amekuwa akiumwagilia kila mwaka muda wote huu. Sijawahi kumsikia akimtaja kwa jina.

Amesimama, ana kipande cha leso mkononi. Hajakifunga.

Mnanaa hauachi kijiti. Ukipigwa dawa unalegea, unakuwa kama uji mweusi, mvua moja ikinyesha umekwisha. Nalijua hilo vizuri, ni kazi yangu kulijua. Pale chini palikuwa na udongo mtupu tu, umepigwa na mvua ukawa sawa, na hakuna mtu duniani angeweza kuonyesha huyu anaanzia wapi na yule anaishia wapi.

Alikuwa ameshughulika na wafu wa watu wote mpaka mwisho. Labda alijua tangu alipokanyaga langoni. Sijamuuliza.

Nilisimama nyuma yake. Nilitaka kusema samahani lakini neno lenyewe nililiona dogo mno kulitoa mbele yake. Akakizungusha kile kitambaa mkononi mwake, mzunguko mmoja, mwingine, kama mtu anayefunga kidonda.

"Ukija Idi niletee mnanaa," akasema. "Mwingi. Nitapanda huku kote."

"Mamdogo..."

"Mnanaa hutambaa, Rehema. Utamfikia tu."

Akanishika mkono tukaenda nyumbani. Njiani mvua ikatukuta, na hakuna kati yetu aliyeongeza mwendo. Alinipikia chai. Haikuwa na kitu ndani, majani na sukari tu.

Sasa niko hapa na kibodi hii, na kuna jambo linalonisumbua, ndilo lililonifanya nitoke nije kuandika.

Nyuma ya duka langu Kitale kuna bomba linalovuja, na chini ya bomba kuna mnanaa. Sikuupanda. Unaziba njia ya kwenda stoo, na kila msimu nikiwa na dawa iliyobaki kwenye bomba la mgongoni naimalizia hapo. Unalegea, unakuwa mweusi, unakwisha. Naona udongo mtupu, najisifu. Halafu mvua zikikolea, siku moja napita na katoni mikononi, nakanyaga, harufu inapanda. Umerudi. Si pembeni, si mahali pengine. Palepale ulipokuwa. Una mizizi inayojificha chini zaidi ya ninapofika mimi na dawa yangu.

Nimewaambia watu miaka yote hii kwamba inashuka mpaka kwenye mzizi, na mnanaa wa nyuma ya duka langu mwenyewe umekuwa ukinisuta kila msimu nisisikie.

Kama wa mtoto nao utarudi, utarudi palipo na mtoto. Utamwonyesha. Lakini tukipanda mwingine huku kote, kama Mamdogo anavyotaka, hata ule wa kwake ukichipuka hakuna atakayeujua kati ya mingine. Kwa hiyo inabidi tusipande kitu. Inabidi tungoje, na udongo ubaki mtupu mbele ya macho yake, pengine mpaka mvua za mwakani.

Na je, usipochipuka? Nitakuwa nimemwondolea kaburi la mwanawe, halafu nimemwambia angoje, halafu nimemwambia basi. Mara tatu, na kila mara ni mimi.

Mwenye saiba anazima taa za nyuma, ananikoholea. Kesho asubuhi, kabla ya kurudi Kitale, nitakaa na Mamdogo jikoni tukimenya viazi. Nitamweleza kuhusu lile bomba linalovuja, nione uso wake.

Au ninyamaze, nimletee mnanaa alioniagiza?